Uchumi na Fedha: Masomo ya Chuo Kikuu na Manufaa Yake kwa Chama cha Msingi

(Mazungumzo yaliyotolewa Mabatini, Mwanza, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mabatini ni mtaa wa watu wa kazi. Bondeni unapita mto Mirongo ukielekea ziwani, na mlimani nyumba zimepandana katikati ya mawe makubwa. Humo wanaishi wachuuzi wa sokoni, mafundi, wauza samaki, watumishi na watu waliotoka vijiji vya pamba vya Kwimba, Magu na Misungwi kuja kutafuta riziki mjini. Katika nyumba hizo, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, huzuka swali lile lile: kijana aliyefaulu uchumi na hesabu apelekwe kusoma nini? Baba husema asome fedha, kwa kuwa benki zina ajira. Mjomba husema asome uchumi, kwa kuwa ndiko wanakotoka wakubwa wa wizara. Kijana mwenyewe amesikia kwamba iko shahada inayounganisha yote mawili, wala hajui kama hiyo ni njia iliyonyooka au ni ile hali ya mshika mawili ambaye moja humponyoka.

Swali hilo si la familia peke yake, bali ni la chama pia. Chama cha akiba na mikopo ndicho kinachoombwa mkopo wa ada, na chama cha mazao ndicho kinachotafuta meneja asipatikane. Zaidi ya hayo, historia ya ushirika kandokando ya Ziwa Victoria inaonyesha kwamba hasara nyingi za vyama zilitokea pale ambapo mtu aliyejua mwenendo wa bei hakujua mwenendo wa deni, au yule aliyejua deni hakujua bei. Neno la mazungumzo haya ni hilo moja: elimu hizi mbili ni sahani mbili za mzani mmoja, na mzani wenye sahani moja haupimi kitu.

MIZANI YA KWANZA

Yafaa ikumbukwe kwamba ushirika wa Mwanza ulianza kwa ugomvi wa mizani. Kabla ya vyama kushika biashara ya pamba, mkulima alibeba mzigo wake kichwani au kwa baiskeli hadi kwa mnunuzi, akaambiwa uzito ambao hakuweza kuuhakikisha, akalipwa bei ambayo hakujua ilikotoka. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe kusimama mbele ya mizani na kusoma uzito kwa niaba ya wenzao. Kazi hiyo ndogo ya kusoma mshale wa mizani ndiyo iliyozaa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation. Kufikia miaka ya uhuru, pamba ya jimbo zima ilipita mikononi mwa vyama hivyo, na muungano huo ulihesabiwa miongoni mwa vyombo vikubwa kabisa vya ushirika vilivyomilikiwa na Waafrika.

Kiongozi aliyetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Paul Bomani. Alikuwa karani Mwadui, kisha akawa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza. Jambo linalopaswa kutazamwa na makatibu ni hili: katikati ya harakati hizo, mwaka 1953, alikwenda kusoma katika Chuo cha Ushirika cha Loughborough, Uingereza, akarudi mwaka uliofuata na kuendelea na kazi. Hakungoja mambo yatulie ndipo asome. Mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Mtu aliyeanza kwa hesabu za chama akaishia kwenye hesabu za taifa, na katika ngazi zote mbili alikutana na maswali yale yale: bei inatoka wapi, na fedha za kununulia zinatoka wapi.

ELIMU MBILI NA NYUMBA ZAKE

Uchumi ni elimu ya kuchagua pale mahitaji yanapozidi uwezo. Huuliza kwa nini bei hupanda na kushuka, kwa nini mkulima huacha pamba na kulima mpunga au dengu, kwa nini shilingi hupungua nguvu mbele ya dola, na nini hutokea kwa watu wengi kila mmoja anapotafuta faida yake. Mwanafunzi wa uchumi hufundishwa kutazama mbali: soko la dunia, idadi ya watu, kodi, mfumuko wa bei.

Fedha ni elimu ya kutafuta mtaji, kuuweka mahali panapofaa na kuulinda. Huuliza mradi huu utarudisha kiasi gani, lini, na kwa hatari gani. Ni heri kukopa au kuongeza hisa. Na kama wenye akiba wakija kesho kudai chao, sanduku litakuwa na kitu? Mwanafunzi wa fedha hufundishwa kutazama karibu: mizania, mtiririko wa fedha, riba, dhamana, tarehe ya kulipa.

Kwa miaka mingi elimu hizi zilikaa nyumba mbalimbali hapa nchini. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uchumi ulifundishwa pamoja na sayansi za jamii, na kitivo cha biashara na uongozi kikaanzishwa baadaye, mwaka 1979. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na mwaka huo huo ikaundwa bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963 ili kufundisha watumishi wa vyama, kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2004 na chuo kikuu kamili mwaka 2014. Siku hizi milango kati ya nyumba hizo imefunguliwa. Taasisi ya Uhasibu Arusha, kwa mfano, ina shahada ya kwanza ya Uchumi na Fedha kwa pamoja. Moshi kuna shahada ya uchumi wa biashara na ile ya fedha ndogondogo. Hapa Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichokua kutokana na chuo cha Nyegezi, hufundisha uchumi na pia uongozi wa biashara.

Shahada ya namna hiyo huchukua miaka 3. Mwaka wa kwanza ni wa misingi: kanuni za uchumi, uhasibu, hisabati na takwimu. Mwaka wa pili mwanafunzi husoma uchumi wa mtu na kampuni, uchumi wa taifa, mabenki, na namna ya kupima miradi. Mwaka wa tatu masomo mawili hukutana: hupimwa hatari, huchambuliwa masoko, na mwanafunzi huandika utafiti wake. Hisabati haiepukiki. Kijana anayekimbia hesabu asidanganywe kwamba uchumi ni maneno matupu na fedha ni kuhesabu noti.

SHILINGI YA LEO NA SHILINGI YA KESHO

Mazungumzo ya aina ifuatayo hutokea mara nyingi mwanafunzi anaporudi likizo na kupita ofisini.

“Shikamoo, Mzee Katibu.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, huko chuoni wanakufundisha nini cha kutufaa sisi wa huku?”

“Sasa hivi tunasoma thamani ya fedha, Mzee.”

“Thamani ya fedha hata mimi naijua. Shilingi ni shilingi.”

“Ndiyo, Mzee, lakini shilingi ya mwezi wa sita si shilingi ya mwezi wa kumi na mbili. Hiyo ya kwanza ingekuwa imezaa.”

Katibu akicheka na kuendelea na shughuli zake, hasara ni ya chama. Akivuta kiti na kusema, “Hebu nionyeshe,” basi chuo kikuu kimefika ofisini kwake bila ada.

Chukuliwe mfano wa hesabu ya kubuni, kwa ajili ya kujifunza tu. Chombo cha ushirika kinanunua pamba mbegu kilo 100,000 kwa shilingi 1,000 kila kilo. Jumla ni shilingi 100,000,000, zote za mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500,000 kila mwezi. Usafiri, uchambuaji na gharama nyingine ni shilingi 20,000,000. Pamba ikichambuliwa hutoa nyuzi kilo 34,000, zinazouzwa kwa shilingi 3,400 kila kilo, sawa na shilingi 115,600,000. Na mbegu kilo 64,000 kwa shilingi 300, sawa na shilingi 19,200,000. Mapato yote ni shilingi 134,800,000. Mauzo yakikamilika baada ya miezi 4, riba ni shilingi 6,000,000, gharama zote ni shilingi 126,000,000, na ziada ni shilingi 8,800,000. Wanachama wanapiga makofi.

Sasa ibadilishwe hali moja tu. Bei ya nyuzi ikishuka kwa sehemu moja ya kumi, mapato yanapungua kwa shilingi 11,560,000, na ile ziada inageuka hasara ya shilingi 2,760,000. Hilo ni somo la uchumi: bei hiyo haikupangwa Mwanza, ilipangwa katika masoko ya mbali, kwa hali ya mvua, viwanda na sarafu za nchi nyingine.

Au bei isishuke hata kidogo, lakini pamba ilale ghalani miezi 6 zaidi kwa kungoja mnunuzi. Riba inaongezeka kwa shilingi 9,000,000, na ziada inageuka hasara ya shilingi 200,000. Hilo ni somo la fedha: hakuna aliyeiba, hakuna kilo iliyopotea, mizani ilikuwa sahihi, vitabu ni safi, na bado chama kimekula hasara. Wakati wenyewe ndio uliokula.

Yakitokea yote mawili kwa pamoja, hasara ni shilingi 11,760,000. Na kwa kawaida huja pamoja, kwa sababu bei inaposhuka ndipo mwenye mali hukataa kuuza akitumaini itapanda, na kila mwezi wa kutumaini unalipiwa riba. Mchumi pekee atasema, “Ngojeni, bei itarudi.” Mtu wa fedha pekee atasema, “Uzeni leo, riba inakula.” Mwenye elimu zote mbili ataketi chini na kupiga hesabu: bei ipande kwa kiasi gani, na ndani ya miezi mingapi, ndipo kungoja kulipe? Swali hilo moja lina thamani kuliko hotuba nyingi.

YALIYOTOKEA KWELI

Mambo hayo si ya vitabuni tu. Mwezi wa Machi 2011 bei ya pamba duniani ilipita dola 2 kwa ratili, kiwango kisichokuwa kimeonekana kwa vizazi. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa chini ya dola 1. Aliyenunua kwa matumaini ya mwezi wa Machi na kuuza kwa bei ya Desemba alijifunza uchumi kwa ada kubwa.

Katika msimu wa 2019 bei ya mkulima ilitajwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ilikuwa ikiteremka wakati ule, wanunuzi wakasita kununua kwa bei hiyo, benki nazo zikasita kukopesha kwa biashara isiyoonyesha faida. Pamba ikakusanywa katika vyama vya msingi, na wakulima wengi wakangoja malipo yao kwa miezi. Katibu wa chama ndiye aliyesimama katikati: mbele yake mkulima mwenye stakabadhi, nyuma yake ghala lililojaa. Wengi wa makatibu hao walikuwa waaminifu. Walichokosa ni uwezo wa kuona mapema kwamba bei iliyotangazwa, bei ya dunia na masharti ya mkopo havikuwa vikikubaliana, na kuwaambia wanachama wazi kabla mizani haijafunguliwa.

Katika ziwa pia mambo ni hayo hayo. Mwaka 1999 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu. Biashara ya sangara ilianguka kwa kipindi, lakini aliyekopa kununua mashine na nyavu alibaki na deni lile lile. Mzani ulikuwa umeinama upande mmoja: bei ilianguka, deni halikuanguka.

Upo pia mfano mdogo ambao kila mtu wa pwani ya ziwa anaujua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti dagaa, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Chama cha akiba na mikopo kikimpangia mvuvi wa dagaa marejesho sawasawa kila wiki, kama mtumishi mwenye mshahara, kitamfanya mdaiwa sugu kwa kosa la mwezi wa angani. Anayejua uchumi wa uvuvi ataona giza na mbalamwezi. Anayejua fedha atageuza jambo hilo kuwa ratiba ya marejesho yenye wiki nzito na wiki nyepesi, huku akihakikisha kwamba sanduku halikauki katika wiki zile nyepesi. Hapo elimu mbili zimefanya kazi moja, wala hakuna aliyesikia neno gumu hata moja.

ILIPOKOSEKANA ELIMU

Haifai kudhani kwamba upungufu huu ni wa leo. Mwaka 1966 iliundwa kamati maalumu ya Rais kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana ni kwamba vyama vilikuwa vimepanuka upesi kuliko watumishi wenye ujuzi walivyoweza kupatikana. Mwaka 1968 muungano wa Victoria ukageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Ilipofika mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na vyama vikajikuta vikishindana na wafanyabiashara wenye mitaji yao wenyewe huku vyenyewe vikibeba madeni.

Sababu za matatizo hayo ni nyingi: siasa, wizi, amri kutoka juu, bei za dunia. Si haki kuyaweka yote juu ya ukosefu wa elimu. Hata hivyo chama kilichokuwa na watu wa kusoma mkataba wa mkopo na kusoma soko kwa wakati mmoja kilikuwa na nafasi ya kujitetea, na kisichokuwa nao hakikuwa na nafasi hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Siku hizi yafaa iongezwe kwamba mali yenye daftari pia hupotea, ila hupotea kwa habari, iwapo msomaji wa daftari hajui maana yake.

Na leo haja imezidi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya kusimamia vyama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vyama vya akiba na mikopo chini ya leseni na masharti. Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma. Benki ikiwa ya wanachama wenyewe haiwaondolei wajibu wa kusoma mkataba. Bali inawaongezea, kwa kuwa sasa wao ni wakopaji na wenye mali kwa pamoja.

MSHIKA MAWILI

Wapo wanaopinga, na hoja zao zisipuuzwe.

Hoja ya kwanza ni kwamba anayesoma mawili hajui hata moja barabara. Ni kweli kwamba shahada ya pamoja haimfanyi mtu kuwa mtafiti wa uchumi wala mhasibu mwenye cheti. Anayetaka kukagua na kutia saini hesabu hana budi kupita mitihani ya bodi ya wahasibu hata kama ana shahada. Lakini chama cha msingi hakitafuti mtafiti. Kinatafuta mtu anayeweza kuzungumza na benki asubuhi na kuzungumza na mkulima jioni, akaeleweka na wote wawili. Methali ya mshika mawili humhusu anayekimbilia vitu vinavyokwenda njia mbalimbali. Bei na deni haviendi njia mbalimbali. Ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Hoja ya pili ni gharama. Mwanafunzi wa Mabatini anaweza kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mkopo huo si zawadi: mhitimu akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Wazazi na kijana wakae pamoja wakapige hesabu hiyo kabla ya kutia saini. Huo ndio mtihani wake wa kwanza wa fedha. Na wakumbuke kuhesabu pia miaka 3 ambayo kijana hatakuwa akiuza duka wala kulima, kwa maana hicho kinachoachwa nacho ni gharama, ingawa hakiandikwi kwenye risiti. Huo ni mtihani wake wa kwanza wa uchumi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: akisoma harudi. Chama kinalipa ada, kijana anapata shahada, na shahada inampeleka Dar es Salaam. Hoja hii ni ya kweli, wala haiondolewi kwa kumlaumu kijana. Chama kinachomlipa msomi mshahara wa mlinzi, kisha kinamnyima vitabu vya hesabu avione, hakina haki ya kushangaa akiondoka. Atakayebaki ni yule aliyeanza kuheshimiwa na chama akiwa bado mwanafunzi.

LINALOWEZEKANA MSIMU HUU

Vyama vidogo haviwezi kuajiri kila mmoja mhitimu wake, wala havina haja. Lakini yapo mambo manne yanayowezekana bila kungoja fedha za nje.

La kwanza, chama kitenge sehemu ya ziada kwa ajili ya elimu, hata ikiwa ndogo. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, waliokuwa wafumaji maskini, walitenga asilimia 2½ ya ziada yao kwa kazi hiyo katika miaka ya 1850. Walitenga wakiwa bado wadogo, si baada ya kuwa wakubwa.

La pili, chama kimpokee mwanafunzi wakati wa mafunzo kwa vitendo. Wengi huzunguka mjini na barua za vyuo wakitafuta pa kujifunzia, na hukaa katika ofisi kubwa wakipanga majalada. Chama cha msingi kikimpa mwanafunzi wiki nane na swali moja la kweli, kwa mfano “kwa nini wakopaji wa biashara ya dagaa huchelewa?”, kitapata jibu, naye atapata utafiti wake wa mwaka wa tatu.

La tatu, vyama jirani viungane kumwajiri mtu mmoja. Vyama vitano visivyoweza kulipa mshahara wa mhitimu kila kimoja vinaweza kuulipa kwa pamoja, naye akapita kila chama kwa siku yake, kama bwana shamba alivyokuwa akipita vijijini.

La nne, katibu mwenyewe asijione amechelewa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu kusoma akiwa kazini. Moshi nako kuna kozi fupi na stashahada kwa watumishi wa vyama. Bomani alikwenda darasani akiwa tayari ni kiongozi; hakuna katibu aliye mkubwa kuliko hapo.

Ndugu Makatibu na Wanachama, wakulima wa miaka ya 1950 hawakuichukia mizani. Walidai tu mtu wao asimame mbele yake na kusoma kilichoandikwa. Leo mizani imeongezeka: iko ghalani, iko benki, iko katika soko la dunia, na iko katika mkataba wenye maandishi madogo. Dai ni lile lile, kwamba mbele ya kila mzani asimame mtu wa wanachama anayejua kusoma. Paul Bomani, aliyeanza katika ukarani, alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1993 hadi alipofariki mwaka 2005. Njia kati ya ofisi ya chama na chuo kikuu imekwisha kupitwa. Kilichobaki ni kuipita kwa pande zote mbili, kwenda na kurudi.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya kujifunza:

1. Katika msimu uliopita, chama kilipata au kilikosa kiasi gani kwa sababu ya bei, na kiasi gani kwa sababu ya kuchelewa? Tenganisheni hesabu hizo mbili.

2. Ratiba ya marejesho ya mikopo ya chama inafuata mapato ya wakopaji au inafuata kalenda ya ofisi?

3. Ni watoto wangapi wa wanachama wako vyuoni hivi sasa wakisoma uchumi, fedha au uhasibu? Ni nani katika chama anayejua majina yao?